Sura ya Tisa: Mabaki Ndani ya Chupa

Mwenye duka la dawa aliletwa chumba cha mahojiano akiwa peku, suruali ameishikilia kwa mkono mmoja kwa sababu mkanda ulibaki mapokezi. Alikuwa mtu mzima, mwembamba, mwenye miwani iliyopasuka kioo kimoja siku watu walipovamia duka lake. Inspekta wa kike aliyeshika kesi hiyo alimwonyesha kiti, akangoja mzee akae vizuri, ndipo naye akaketi.

Kesi yenyewe ilionekana imekwisha kabla haijaanza. Mtoto wa kike wa miaka mitatu aliugua nimonia. Daktari wa zahanati akamwandikia antibiotiki ya unga, ile inayochanganywa na maji kwenye chupa ikawa dawa ya kunywa. Baba yake akaenda kuinunua katika duka la huyu mzee. Mtoto alipewa dawa bila kukosa, lakini hali ikazidi kuwa mbaya, na alipofikishwa hospitali kubwa madaktari hawakuwa na la kufanya. Baba alikuwa amekwenda na ile chupa, imebaki nusu. Maabara ya serikali ikaipima na kujibu kwa mstari mmoja: dawa iliyoandikwa kwenye lebo haimo. Habari zikaenea mtaani, duka likavunjwa, na mwenyewe akaokolewa na gari la polisi. Tangu hapo alikuwa mahabusu kwa kuuza dawa bandia iliyosababisha kifo.

Mkuu wa kituo alitaka jalada lifike mahakamani haraka. Alisema kesi hii hata mpishi wa kantini angeweza kuifunga kabla chai haijachemka.

Kilichomzuia Inspekta ni chupa nyingine. Alikuwa ameokota chupa ambazo hazikuvunjika dukani, kutoka boksi lile lile na zenye namba ile ile ya toleo, akazipeleka zikapimwe. Zote zilikuwa na dawa kamili. Mkuu wa kituo alimjibu kwamba basi mzee aliibadilisha ile moja tu. Inspekta alimuuliza faida ya kuibadilisha moja ni nini, na mkuu akaangalia simu yake.

Sasa alimtaka mzee asimulie tena jinsi alivyoiuza. Mzee alisimulia kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuisema habari hiyo kwa kila aliyevaa sare. Mnunuzi alifika jioni, pikipiki inanguruma nje. Mzee aliitikisa chupa ili unga uachane, akamwonyesha alama ya kujazia, akajitolea kuichanganya palepale. Mnunuzi akakataa, akasema njia ni mbovu, ingemwagika.

"Kwa hiyo ulipomkabidhi, ndani mlikuwa na nini?"

"Unga."

"Na maji?"

"Hamna. Nilimwambia achemshe maji, ayaache yapoe, ndipo atie." Mzee aliinua uso. "Mimi niliuza unga mkavu, Inspekta. Mlichopima ninyi ni mchanganyiko. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza maji yalitoka wapi."

Inspekta aliyaandika maneno hayo, kwa kuwa yalikuwa kweli. Alipomuuliza habari za nyumbani, mzee alisema mkewe amehamia kwa kaka yake, na binti yao haendi tena shule kwa sababu wenzake wanamwita mtoto wa muuaji. Kisha akauliza kama angeweza kurudishiwa viatu.

*

Chuoni kulikuwa na mtaalamu wa bakteria wa ardhini ambaye wanafunzi walimpachika jina la Bi Udongo. Maabara yake ilijaa ndoo, makopo na vifurushi vya mchanga. Inspekta alipotaka kupangusa meza ili aweke mkoba wake, mama yule alimzuia mkono.

"Humu ukiona uchafu usiufute, mwanangu. Huenda ni shahada ya mtu."

Inspekta alikuwa amempelekea kiasi kidogo cha ile dawa iliyobaki chupani. Majibu yalikuwa tayari, na Bi Udongo hakuwa na tabia ya kuzunguka mbuyu.

"Dawa bandia haiachi maiti," alisema. "Mtu akikuuzia chaki, nitakuta chaki. Humu nimekuta mabaki ya dawa halisi, na mengi. Ilikuwemo. Imeuawa baada ya kuingia maji."

Alimweleza kwa kuchora nyuma ya bahasha. Ndani ya kila chembe ya dawa ile kuna kipete kidogo cha pembe nne, kimekazwa kama mtego wa panya. Hicho ndicho kinachowaua bakteria. Lakini ukungu na vijidudu vingine vya ardhini vimekuwa vikitengeneza sumu za aina hiyo tangu enzi na enzi, na bakteria wanaoishi jirani navyo wamejifunza kujikinga. Baadhi yao wana kimeng'enya kinachofanya kazi kama mkasi: hukikata kile kipete, na kikishakatwa, dawa inabaki jina. Wengine wanaendelea. Wanaukata na mkia wa ile chembe, wanaula, wanapata nguvu, wanazaana. Kwao sumu imekuwa chakula.

Inspekta aliuliza kama joto lisingeweza kufanya hivyo. Chupa ingeweza kuachwa juani, au karibu na jiko.

"Joto linakivunja kipete, hilo nakubali. Lakini joto halina meno. Haliukati mkia vile na kuumaliza. Hii ni kazi ya kitu hai."

Akatoa kisahani cha kioo chenye utando kama jeli. Alieleza kwamba katika jeli ile hakutia lishe yoyote ila dawa peke yake, halafu akadondoshea tone moja kutoka kwenye chupa ya marehemu. Kisahani kizima kilikuwa kimeota vidoa vya rangi ya maziwa.

"Wanaishi kwa dawa tu?" Inspekta aliuliza.

"Wananawiri."

Hawakuwa bakteria wa kumdhuru mtu, Bi Udongo alisema. Mwenye afya angewanywa maisha yake yote asijue. Tena katika udongo wa kawaida ni wachache, hawawezi kuimaliza chupa nzima upesi. Ili maji yawe nao kwa wingi namna hii, lazima pawepo ardhi iliyolishwa dawa ile kwa muda mrefu: jalala la hospitali, maji machafu ya kiwanda, au mahali pa mifugo. Akampa Inspekta vichupa safi vyenye vifuniko na kumwonyesha namna ya kuchota bila kutia vidole.

Inspekta alikuwa amefika mlangoni aliporudi na swali la mwisho. Je, mtoto angepona?

Bi Udongo alifunika kile kisahani. Alisema hawezi kuapa hivyo, nimonia huua hata wenye dawa nzuri. "Ninaloweza kuliapia ni kwamba mwanzoni alipata dawa dhaifu, na baadaye alikuwa anakunywa maji yenye sukari."

*

Inspekta alianza kwa kumkosea mtu mwingine. Bomba la maji la mtaa ule lilipita nyuma ya zahanati, karibu na shimo la kutupia taka za dawa, na lilikuwa na kiraka kinachovuja. Inspekta alichota maji ya bomba, akachimba udongo wa shimoni, akamhoji msimamizi wa zahanati mpaka yule bwana akalowa jasho mgongoni. Alipita pia kiwandani alikofanya kazi mama wa marehemu, kiwanda cha kushona nguo, akathibitisha kwa msimamizi wa zamu kwamba jioni dawa iliponunuliwa mama yule alikuwa kwenye cherehani yake na alitoka usiku.

Nyumbani kwa wafiwa alikwenda mwisho, mchana. Ilikuwa nyumba ndogo ya matofali, mlango wa mbele umefungwa, na ilimbidi azungukie nyuma. Hapo alisimama. Bustani ilichukua uwanja wote. Mboga zilikuwa na majani mapana kama sinia, nyanya zimeinamisha vijiti vyake. Katikati palikuwa na kisima chenye ukingo wa saruji uliosakafiwa kwa mikono, na juu ya saruji mtu alikuwa ameugandamiza mguu wa mtoto mchanga ili alama yake ibaki.

Baba wa marehemu alirudi kutoka kazini akiwa bado na buti za mpira. Alikuwa mfanyakazi wa mabanda ya kuku ya kampuni moja nje ya mji, mtu mpana wa mabega, ambaye tangu msiba alikuwa akifika kituoni kila asubuhi kuulizia kesi. Hata kabla ya salamu alitaka kujua kama yule muuaji ameshafikishwa mahakamani. Inspekta alimwambia bado. Akamsifia bustani.

Hilo lilimlegeza. Alisema kisima alikichimba mwenyewe mwaka mkewe alipokuwa mjamzito, ili mwanawe asije akabeba ndoo kichwani kama alivyobeba yeye. Mbolea anaipata bure. Mabanda yakisafishwa, wafanyakazi wanaruhusiwa kuondoka na magunia ya samadi, na yeye amekuwa akiimwaga hapa miaka yote. Inspekta aliuliza kama kuku wale hawaugui.

"Hawapewi nafasi ya kuugua, mama. Wanatiliwa dawa kwenye maji kila siku, wazima kwa wagonjwa. Msimamizi anasema bila hiyo hawanenepi."

"Dawa gani?"

Akaitaja. Ilikuwa ndiyo ile iliyoandikwa kwenye lebo ya chupa ya mwanawe. Aliitaja kama mtu anavyotaja aina ya sabuni, akainama kung'oa gugu.

Inspekta aliomba maji ya kisimani. Baba aliyachota mwenyewe, akayainua kwenye mwanga yaonekane yalivyo meupe, akanywa kikombe kizima ili mgeni asiwe na wasiwasi. Mtaani wanayasifu kuliko ya bomba, alisema. Inspekta alijaza kichupa kimoja cha maji na kimoja cha udongo wa pembeni mwa kisima.

Mama wa marehemu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na beseni tupu mkononi. Macho yake yalivifuata vile vichupa mpaka vilipoingia mkobani, na yakabaki pale pale kwenye mkoba.

*

Bi Udongo alipiga simu mwenyewe. Maji ya bomba hayakuwa na kitu. Shimo la zahanati lilikuwa na bakteria wa namna nyingine. Wa kisimani walikuwa ndio wale wale wa kwenye chupa. Hakuishia hapo. Alikuwa amechukua chupa mbili za unga kutoka boksi la mzee, moja akaichanganya kwa maji ya kisima kama yalivyo, nyingine kwa maji hayo hayo yaliyochemshwa, akaziweka rafu moja kabatini. Ya kwanza ilikuwa imekufa. Ya pili ilikuwa nzima.

Mkuu wa kituo alimsikiliza Inspekta mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo lisilo la kawaida kwake. Alisema habari za kuku ataziandikia idara ya mifugo, na kwamba mzee aachiwe mara tu maelezo ya aliyechanganya dawa yatakapopatikana. Kisha akauliza kama Inspekta alitaka mtu mwingine aende badala yake. Inspekta alisema hapana.

Inspekta aliwakuta baba na mama wa marehemu sebuleni kwao. Aliwaomba wakae, akawaeleza polepole, kama alivyoelezwa yeye: kipete, mkasi, samadi, kisima. Hakutaja jina la mtu. Baba alisikiliza akiwa amekunja uso, na mwanzoni alibisha. Maji yale wameyanywa wote. Mtoto mwenyewe alikuzwa nayo, hajapata hata kuumwa tumbo.

"Hayana ugonjwa, ndugu yangu," Inspekta alisema. "Mkiyanywa hayawadhuru. Yanakula dawa tu."

Ilionekana wazi dakika ile baba alipoanza kuifuata njia kurudi nyuma, kutoka chupani kwenda kisimani, kutoka kisimani kwenda kwenye magunia, kutoka kwenye magunia kwenda mabandani, na mikono iliyobeba yote hayo ilikuwa imelala magotini pake.

Inspekta aliuliza nani aliichanganya ile dawa.

"Mimi," mama alisema.

Alisema upesi, kabla swali halijatulia. Akaongeza kwamba alichota maji, akatia, akatikisa, mumewe hakuwepo, alikuwa ameondoka na pikipiki. Alikuwa akimtazama Inspekta moja kwa moja.

Inspekta aliacha maneno yale yapite bila kuyaandika. Alikuwa anajua mama huyu alikuwa kiwandani, na alimwona baba akimgeukia mkewe kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Acha, mke wangu," alisema.

"Nilikuwa mimi."

"Hukuwepo. Acha." Akamshika kifundo cha mkono, kisha akamwambia Inspekta yeye mwenyewe. Mtoto alikuwa amechemka kama jiko, anapumua kwa mbavu. Jirani aliyemshika alikuwa tayari analia. Alikumbuka kwamba mzee wa dukani alisema achemshe maji. "Nilikumbuka vizuri. Lakini yangechelewa kupoa. Sikutaka asubiri. Nikasema moyoni, maji ya kisima changu, maji niliyoyachimba kwa ajili yake, yatakuwa na nini?"

Alisema alionja kwanza yeye, ili mtoto aone si chungu. Mtoto aliipenda. Alilamba kijiko. Baadaye kila ikifika saa ya dawa alikuwa anafungua kinywa mwenyewe kabla hajaambiwa.

Nje, maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye ndoo ya kisimani.

"Sasa mnanishtaki mimi?" baba aliuliza.

"Hapana. Hakuna sheria inayomfunga mtu kwa kuchota maji kwake."

"Ingekuwepo ingekuwa nafuu."

Inspekta alisema si daktari wala mtaalamu anayeweza kuapa kwamba mtoto angepona. Baba aliitikia kwa kichwa, kwa heshima, kama mtu aliyepewa kitu asichokihitaji. Aliuliza habari za yule mzee, kama bado yuko ndani, kama ni kweli binti yake ameacha shule. Alisema jiwe la kwanza lililovunja kioo cha duka alilirusha yeye, na wengine walimfuata yeye. Kisha akasimama, akasema maelezo yake atayatoa kituoni, siyo hapa, kwa sababu anataka kuwepo mzee atakapotoka. Hakujua atamwambia nini. Akaingia chumbani kubadili nguo.

Wanawake wawili wakabaki.

"Ulijua nadanganya," mama alisema.

"Msimamizi wako aliniambia ulikuwa zamu."

Mama alitazama mlango wa chumbani, akapunguza sauti. Siku ile Inspekta alipochota maji, alisema, alielewa kwamba tatizo ni maji ya kisima, na tangu hapo hakulala. Alikuwa akitafuta namna ya kumficha mumewe jambo hilo. "Niliporudi kutoka kazini mtoto alikuwa ameshakunywa, amelala. Akaniambia, nimempa, usiwe na wasiwasi. Nikamwambia asante." Alipitisha kiganja usoni. "Niandikie hata nusu, dada. Andika alichota yeye, nikachanganya mimi. Peke yake hataiweza."

Inspekta alimjibu kwamba mbele ya sheria hakuna kosa hapa, kwa hiyo hakuna mzigo wa kugawana.

"Sizungumzii sheria," mama alisema.

Baba akatoka. Alikuwa amevaa shati jeupe, lile la siku za maana, na alikuwa amekosea vifungo tangu cha kwanza, upande mmoja wa kola umepanda mpaka chini ya sikio. Alisimama katikati ya chumba akitafuta ufunguo ambao alikuwa ameushika. Mkewe alimsogelea, akavifungua vifungo vyote, akavifunga upya kutoka juu, kimoja kimoja, bila haraka. Alipofika cha mwisho aliacha mikono yake hapo kwa muda. Halafu akaingia chumbani kutafuta viatu, akasema anakwenda naye.